Ndoo Mbili za Udongo wa Dorsila

Wiki jana kijana mmoja wa kilimo alikuja kwangu hapa Uriri akiwa na simu mkononi. Alikuwa amepiga picha ua dogo la zambarau katikati ya mahindi ya watu, akaniuliza kama laweza kufaa kupamba kanisa siku ya harusi ya dada yake. Nikamwambia alichume tu, lakini harusi ikiisha maharusi wasije wakalia njaa. Hakucheka. Ninyi mkiwa na simu mkononi hamcheki upesi. Ua lile lilikuwa la kayongo, gugu linyonyalo mahindi, na mimi nimelifukuza kayongo miaka mingi kuliko aliyoishi yule kijana duniani. Wakulima wa Kosele waliniita Madam Kayongo mpaka nikastaafu, na jina hilo sikulipata kwa ushindi. Nililipata kwa kuharibu.

Basi kaeni niwaambie, ninyi mnaoanza kazi hii na buti zenu mpya.

Jambo la kwanza ni lile nililolisoma chuoni, nikafaulu katika mtihani, na nisilielewe hata chembe. Mbegu ya gugu isipoota, haijafa. Imelala. Na hailali kama mlevi, inalala kama mama mwenye mtoto mchanga. Mtaa mzima waweza kupiga ngoma asisikie, lakini mtoto akikohoa kidogo tu, huyo ameketi. Kila mbegu ina kikohozi chake inachokisubiri. Kuna inayosubiri mwanga. Kuna yenye ganda gumu, kama zile za lusina, mti wa kulisha mifugo, ambazo sisi wenyewe huzimwagia maji moto kabla ya kuzipanda, la sivyo zitakutazama tu. Nyingine husubiri mvua ya pili, zikaiacha ya kwanza ipite kwa sababu haziiamini. Mimi hayo yote niliyaandika vizuri kwenye karatasi ya mtihani, nikapewa alama, nikayaacha palepale.

Aliyenifundisha upya ni Bwana Chacha, mkubwa wangu wa kwanza kazini, Mkuria wa kule karibu na mpaka wa Tanzania. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia moja. Msimu wangu wa kwanza nilitengeneza shamba la mfano la sukuma wiki, ili wakulima waje wajifunze. Nilikuwa na bidii ya kutisha. Nikawaamuru vibarua walime chini sana, mara mbili, wageuze udongo wote, nikiamini kwamba magugu tukiyazika tumemalizana nayo. Mvua ikanyesha. Baada ya wiki mbili shamba lilikuwa kijani kibichi la kupendeza, na lote lilikuwa gugu la kishona nguo. Bwana Chacha alikuja, akasimama ukingoni, akaniuliza kwa upole sukuma ziko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akavaa miwani, akatazama tena, akasema labda atarudi na mke wake amsaidie kutafuta.

Kisha akachuchumaa akanieleza. Zile mbegu zilikuwa gizani chini kwa miaka, zimetulia. Mimi kwa jembe langu nimezipandisha juu, zikaona jua kufumba na kufumbua, na hilo likazitosha. Msimu uliofuata alinionyesha dawa yake. Tukatayarisha tuta vizuri, tukalimwagilia, tusipande kitu. Magugu yakatoka kwa shangwe, yakidhani karamu ni yao. Yalipokuwa bado machanga, akayakwangua juujuu kwa ncha ya jembe, bila kugeuza udongo, halafu ndipo tukapanda sukuma. Zikaota peke yake, safi. Akaniambia neno ambalo ningelishika siku ile ningeokoa machozi ya watu: gugu lililolala hupigani nalo, kwanza liamshe.

Sikulishika. Nilidhani ni mambo ya sukuma tu.

Nilihamishiwa Kosele, upande wa Homa Bay, na huko ndiko nilikokutana na Dorsila. Alikuwa mjane wa watoto wanne, mke wa pili katika boma la marehemu mumewe. Shamba lake lilikuwa moja tu, mteremko mzuri nyuma ya nyumba, na lilikuwa zambarau tupu. Kayongo, wale msiolijua, halina haja ya kuhangaika kutafuta chakula. Linajishikiza kwenye mizizi ya mahindi, mtama au wimbi, linanyonya. Ukiliona limechungulia juu ya udongo, ujue limekwisha kula kwa wiki kadhaa huko chini. Mahindi ya Dorsila yalinifika kiunoni, na mimi si mrefu.

Lakini taabu yake haikuwa mahindi peke yake. Kwa Wajaluo kuna utaratibu wa kutia mbegu. Katika boma la wake wengi, mikayi, yaani mke mkubwa, ndiye anayeanza kupanda, kisha ndipo wengine wafuate. Mwaka uliofuata kifo cha mume wao, mvua ilikuja mapema, na mikayi, Mama Nereah, alikuwa kule Karungu akimuuguza binti yake. Dorsila akasubiri siku moja, tatu, kumi. Watoto wana njaa na udongo umelowa. Akapanda. Mama Nereah aliporudi akakuta mahindi ya mke mdogo yameshatoa majani mawili. Na mwaka uleule kayongo likatokea kwa Dorsila kwa wingi. Watu wakaunganisha. Wakasema ni chira, mkosi wa kuvunja mila, na tangu siku ile wake wale wawili hawakusalimiana, nyumba zikiwa zimeachana kama hatua arobaini.

Shemeji yao, Mzee Okeyo, ndiye aliyebaki kuwa mkubwa wa boma. Hakuwa mtu mbaya, msimchukie. Alimwona Dorsila anapanda kila mwaka na kuvuna majani, akaona ardhi hiyo haina faida tena. Kukawa na mafundi wa matofali waliotaka udongo wake, udongo mwekundu unaoshikana vizuri. Dorsila alijua maana yake. Matofali hayachukui mazao, yanachukua shamba lenyewe. Wakishachimba hawaachi kitu ila shimo la kuoga vyura. Na bila shamba angebaki katika boma lile akifanya nini? Angerudi kwao na watoto wanne, kwa kaka ambaye hata hakuwa na nafasi ya kufuga kuku.

Aliniambia yote hayo bila kulia, akaniuliza, nifanye nini, Madam?

Nami nikajibu kama aliyetumwa na malaika. Nikamwambia ardhi imechoka. Ailaze. Asipande chochote misimu miwili, na mbegu za kayongo zikikosa chakula zitakufa. Nilimwambia kwa uhakika kabisa, kalamu mkononi. Nikaenda hata kwa Mzee Okeyo kumwombea muda, naye akakubali kwa heshima ya serikali.

Dorsila aliilaza. Misimu miwili alipalilia mashamba ya watu, akasuka mikeka, akauza omena za kukaanga sokoni. Msimu wa tatu akapanda, baada ya Mama Nereah kutangulia, kila kitu kwa mpangilio. Mahindi yakatoka ya kijani, nikapita pale nikitembea kama mwenye shamba. Wiki ya nane nikapita tena. Zambarau. Na safari hii lilikuwa nene kuliko mwanzo.

Dorsila alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shamba. Akanitazama akasema, "Madam, nililala njaa misimu miwili ili udongo ulale."

Hakuna barua ya onyo iliyowahi kunichoma kama sentensi ile. Nilitamani anitukane. Nikamwambia nilikosea. Vijana, jifunzeni neno hilo mapema, ni fupi na halihitaji kibali cha ofisi. Kisha nikaenda barabarani na machozi yangu, nikapanda gari moja kwa moja hadi kwa Bwana Chacha, ambaye alikuwa amestaafu na anafuga nyuki.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza tu, sasa ulitegemea mbegu ife kwa kulala? Akaniambia kwao wanaliita kiduha, na bibi yake alikuwa akisema kiduha kinamjua mtu aliyehama na kurudi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja unamwaga maelfu kwa maelfu, na zinaweza kukaa udongoni miaka mingi bila kufa. Hazisubiri mwanga. Hazisubiri mvua peke yake, ingawa lazima zilowe na kupata joto siku kadhaa kwanza. Zinasubiri mzizi. Mzizi wa mahindi ukipita karibu, karibu sana, unatoa kitu ambacho mbegu inakinusa, na hapo ndipo inapoamka. Ukilaza shamba, umezima jiko, basi. Wageni bado wako sebuleni wanangoja harufu ya ugali.

Nikamwuliza, sasa tuziue vipi? Akasema ziamshe, kisha zinyime. Soya nayo mizizi yake inatoa harufu inayoziamsha mbegu nyingi, lakini kayongo haliwezi kuinyonya. Linaota, linatafuta pa kushika, linakosa, linakufa. Pamba pia iko hivyo. Hapo nikakumbuka wazee wa Kosele waliokuwa wakiniambia kwamba kayongo lilizidi walipoacha kulima pamba, nami nikawa naitikia tu kwa adabu huku nikiwaza chai.

Lakini nani angeniamini tena? Mzee Okeyo alikuwa amekwisha waambia mafundi waje baada ya Krismasi, jua likikaza. Nikarudi kwa Dorsila na ndoo mbili kuukuu za rangi, nimezitoboa matundu chini. Tukachota udongo wa shamba lake, tukauchanganya vizuri, tukaugawa nusu kwa nusu. Ndoo moja tukapanda soya. Nyingine tukaiacha tupu, imelala, kama nilivyomshauri mimi. Zote zikawa zinamwagiliwa siku moja na maji sawa. Tuliziweka mbele ya jiko lake, tukazifunika kwa neti kuukuu kwa ajili ya kuku, na kila aliyepita aliuliza ni mtoto gani amelazwa pale.

Soya ilipokaribia kukomaa tuliing'oa. Sasa ikawa zamu ya kupanda mahindi katika ndoo zote mbili, tuone. Nikampa Dorsila mbegu. Akarudisha mkono nyuma.

Akasema hapandi. Soya alipanda kwa sababu soya haikuwapo wakati mila hizi zinawekwa. Lakini mahindi ni mahindi, na mikayi hajatia mkono. Nikamwambia Dorsila, hii ni ndoo. Akaniambia udongo uliomo ni wa boma. Nikamwambia basi nipande mimi, mimi si wa boma hili. Akanitazama kwa huruma, akasema mara ya kwanza alipanda bila mikayi, mara ya pili alinisikiliza mimi, na yote mawili hatayarudia.

Nikavuka zile hatua arobaini hadi kwa Mama Nereah.

Mama Nereah alikuwa mwanamke mkubwa wa sauti ndogo, Msabato wa kweli, nyumba yake imepakwa samadi ikang'aa. Alinipa uji akanisikiliza. Nikamweleza habari za ndoo, aibu ikinitoa jasho. Akauliza ndoo yenyewe ina ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akauliza, na mke mdogo amesema mwenyewe kwamba lazima nianze mimi? Nikasema ndiyo, amekataa hata mbegu moja. Akanitilia uji mwingine.

Asubuhi yake alikuja amevaa nguo za Sabato, na ilikuwa Jumatano. Akachuchumaa, akatoboa udongo kwa kidole, akatia mbegu mbili katika kila ndoo, akafukia, akasimama, akaondoka. Hakumsalimu Dorsila na Dorsila hakumsalimu.

Lakini mbegu ukiitia kwa mkono wako, huwezi kulala. Siku ya nne alirudi kutazama. Siku ya tano pia. Akaanza kutoa malalamiko, tena kupitia kwangu, Dorsila akiwa amesimama hatua mbili kutoka hapo. "Madam, mwambie mwenye jiko hili mahindi yangu hayanyweshwi vya kutosha." Nami nageuka namwambia Dorsila, aliyekwisha sikia. "Madam, mwambie mikayi maji yamepimwa." Nimefanya kazi nyingi serikalini, ile ya ukalimani wa hatua mbili ndiyo iliyonichosha zaidi. Siku moja nilichelewa kufika, nikawakuta wote wawili wameinamia ndoo wanasubiri nije niwaambie walichokuwa wakisema.

Krismasi ikapita. Mafundi wa matofali wakaja kama walivyoahidi, watatu, na kalibu zao za mbao mabegani. Nilipofika, mkubwa wao alikuwa akipima shamba kwa hatua, na Mzee Okeyo amesimama pembeni na fimbo yake. Dorsila alikuwa mlangoni, watoto wote wanne nyuma yake.

Mama Nereah alitoka nyumbani kwake taratibu. Akamwita shemeji yake aje kwenye ndoo. Mzee Okeyo akaja, mafundi nao wakafuata kwa udadisi. Akaondoa neti.

Ndoo iliyolala ilikuwa imejaa kayongo mpaka ukingoni, na mahindi yake yamekunjamana, ya manjano, mafupi. Ndoo ya soya ilikuwa na mashina matatu tu ya kayongo, na mahindi yake yamesimama kijani. Nilitaka kueleza. Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzima, harufu za mizizi na yote. Mama Nereah akaninyamazisha kwa kiganja.

"Okeyo, mahindi haya niliyapanda mimi," akasema. "Kwa mkono wangu, mbele yake, kwa mpangilio. Kama kayongo la shambani ni la Dorsila kwa kunitangulia, hili la kwenye ndoo ni la nani?"

Mzee Okeyo akaitazama ndoo. Akaizunguka. Akamtazama mikayi, kisha mimi, kisha ndoo tena. Alikuwa mtu wa haki akipewa nafasi, na swali lile halikuwa na mlango wa nyuma. Akasema polepole kwamba haoni ni la nani.

Nilidhani yameisha. Nilikuwa tayari nimeanza kutabasamu. Kumbe Mama Nereah hakuwa amemaliza. Aliketi kwenye kigoda cha Dorsila bila kukaribishwa, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja magotini.

"Kwangu pia lipo," akasema. "Lilikuwapo kabla mume wetu hajafa. Naling'oa alfajiri kabla hamjaamka, nalitupa zizini."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alijiumbua mwenyewe, mchana, mbele ya mafundi wa matofali. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Kayongo lenye maua ukilitupa zizini, mbegu zake zinaingia kwenye samadi. Na samadi ya zizi lile moja la boma ndiyo Dorsila aliyoibeba kichwani, karai baada ya karai, akalilisha shamba lake mwaka ule aliotangulia kupanda. Nikamtazama Dorsila. Naye alikuwa ameshaelewa. Nilimwona akiinamisha macho kwenye viganja vyake, anavitazama kama vya mtu mwingine.

Ningeweza kusema. Ilikuwa elimu tupu, ya kuandikwa kwenye ripoti. Nilifunga mdomo, na hilo, vijana, ndilo jambo la busara kuliko yote niliyofanya Kosele.

Mzee Okeyo akawageukia mafundi akawaambia shamba hili lina kazi, waende wakaulize udongo mtoni. Mkubwa wao alikuwa bado ameinamia ndoo. Akaniuliza kando kama soya hiyo yapatikana na upande wa kwao, maana mkewe ana ua hilohilo.

Sitawadanganya kwamba msimu mmoja wa soya ulimaliza kayongo. Haumalizi. Ilichukua misimu mingi, soya, kisha mahindi na maharage, kisha soya tena, na kung'oa kila shina kabla halijatoa ua na kulichoma badala ya kulitupa. Hata leo mkilima vibaya pale litachungulia. Lakini Dorsila hakuhama, na watoto wake walikulia kwenye mteremko ule.

Siku ile, mafundi walipoondoka, Dorsila aliingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia, na angekuwa na haki. Alitoka na mfuko wa mbegu za soya nilizomletea na gorogoro moja, kopo la kupimia. Akapima gorogoro mpaka ikafurika, akaimimina kwenye kitambaa kilichokuwa magotini mwa Mama Nereah. Akapima nyingine. Yule mama mkubwa alikuwa analia kimya, akijaribu kuzuia mbegu zisimwagike.

Dorsila akafunga kitambaa fundo, akamwekea mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kuzungumza naye bila kupitia kwa mtu.

"Nyieka, mke mwenzangu," akamwambia, "mvua ikija utaanza wewe. Ila ukiwa Karungu, nitakuja kukuchukua."